Pindua Jani Kabla Hujalipa

Wajukuu zangu, nasikia mnajichanga kununua miche ya milingoti, mvua zikianza mpande. Ni jambo jema. Huku kwetu Mbulu na Hanang upepo unavuma na kuni zinafuatwa mbali. Ila kabla hamjatoa hela, pindueni jani.

Mimi sikulipindua. Nilikuta miche ya bei ya kutupa, nikaipakia kwenye mkokoteni wa punda hadi nyumbani. Muda si mrefu majani machanga yakajikunja. Vikonyo na mishipa ya kati ikajaa vinundu, kwanza vya kijani, kisha vyekundu, mwisho vya kahawia vyenye matundu kama ya sindano. Jirani akasema ni jicho la mtu. Nikaazima bomba, nikapuliza dawa mara mbili. Hela ikaisha, vinundu vikabaki.

Bwana miti ndiye aliyenifumbua macho: ndani ya vinundu mna watoto wa nyigu. Mama yao hafiki hata milimita 2, naye ni mgeni kutoka Australia, kama mlingoti wenyewe. Kenya na Uganda walimwona mwaka 2002, kwetu Tanzania 2005. Hutaga ndani ya jani changa, na jani humjengea mtoto nyumba kwa nguvu ambazo lingekulia. Dawa huishia juu ya paa, mtoto yumo ndani amelala. Tena jike huzaa bila dume. Akiingia mmoja kitaluni, ukoo umeanza. Ndiyo maana Afrika Kusini, mwaka 2012, waliamua kumwachilia nyigu mwingine anayemwinda huyu humo humo kinunduni.

Sasa shikeni haya. Mti mkubwa wenye vinundu vichache msiukate, utaishi. Mche ndio wa kuhofia, maana kilele chake kikidumaa, nao umedumaa. Papaseni kikonyo kwa kidole. Mkigusa kinundu, msiseme mtachagua miche iliyo mizuri. Ondokeni kwenye kitalu hicho. Ikiwa miche yenye vinundu imeshafika nyumbani, ing'oeni na kuichoma kabla matundu hayajatokea. Wala msijaze shamba zima mlingoti. Changanyeni na mringaringa na mgrivea, adui wa mti mmoja asiimalize yote.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Nyigu huyu hajafundishwa methali, lakini anaifuata kuliko sisi: jani lililokomaa halitaki, analitaka changa. Muwahini.