Kufufua Kilicho cha Wote

Kuna maswali ambayo mtu huyajibu haraka sana kabla hayajamfika nyumbani. Mojawapo ni hili: kitu kilicho cha watu wengi kikitelekezwa mpaka kikaanza kuoza, kisha mmoja wao akajitokeza na kukifufua kwa jasho lake, je, kitu hicho sasa ni cha nani? Aliye mbali atasema bila kusita kwamba ni cha wote, kama kilivyokuwa. Aliyetoa jasho naye ana jibu lake, ila mara nyingi hulificha. Mimi nimewahi kusimama pande zote mbili, na nitakusimulia, ndugu msomaji, jinsi gari bovu lilivyonifikisha huko.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z. Marehemu baba alikuwa fundi wa magari Mwanza, na mwaka 1974 alilinunua kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anahama nchi. Alistaafu na kurudi nalo hapa Chato, wakati ule ikiwa bado sehemu ya Biharamulo. Majirani walilishangaa kwa sababu lilikuwa na viti viwili tu. Gari lisiloweza kubeba hata gunia la pamba lilikuwa la kazi gani? Baba hakujali. Alikuwa akitueleza habari za mbio za Safari, zilizoanzishwa mwaka 1953, enzi zile zilipokuwa zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa gari la aina hii hii. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews. Baba alipenda zaidi kusimulia mbio hizo za 1973, kwa kuwa Mehta na Harry Källström, wote wakiendesha Datsun, walimaliza wakiwa na pointi sawasawa, ikabidi kanuni ndiyo iamue nani mshindi. Tulikuwa watoto wanne, na kila mmoja alijiona yeye ndiye Mehta.

Baba alifariki mwaka 1996 bila kuacha neno lolote juu ya gari. Viti viwili vikarithiwa na watu wanne.

Hapa ndipo ninapopenda tutue kidogo. Gari lile halikuharibika kwa ubaya wa mtu. Wala hatukuligombania, afadhali tungeligombania. Tuliheshimiana. Dada yetu mkubwa alisema lisiguswe mpaka sote tukae. Mdogo wangu, aliyekuwa akifanya kazi Geita, alisema hana haraka. Mwingine alikuwa mbali, akaandika kwamba ataafiki tutakaloamua. Mimi nilikuwa mwalimu, nahamishwa huku na huko, nikasema likizo ijayo. Likizo ilikuja nyingine na nyingine. Lilibaki chini ya mwembe, kuku wakataga kwenye viti, maembe yaliyoiva yakalipondaponda boneti. Kila tulipokutana msibani au arusini tulilitazama, tukatikisa vichwa, tukaondoka. Hakuna aliyethubutu kununua hata betri, kwa kuwa kununua betri kungeonekana ni kutaka kulichukua. Basi, uadilifu wetu sisi kwa sisi ndio ulioliangamiza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Walichosahau kutuambia ni kwamba ufa wa nyumba ya wengi kila mtu huona haya kuuziba, asije akadhaniwa anaitaka nyumba.

Nilipostaafu na kurudi nyumbani, wanunuzi wa chuma chakavu walikuwa wakipita kila wiki na mizani yao. Siku moja mdogo wangu alipiga simu: kuna mtu amefika bei, tuliuze tugawane. Nikamjibu kwamba nitafikiri. Sikufikiri. Kesho yake nilikwenda kwenye mwembe na spana za baba.

Kazi ya kuamsha injini iliyolala miaka mingi inadai subira kuliko nguvu. Ukiwa na pupa ukaunganisha betri na kupiga stata, unaweza kuvunja ringi za pistoni au kuchubua silinda. Injini hii ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, zenye ujazo wa sentimita 2,393. Nilizitoa plagi zote, nikamimina katika kila tundu dizeli iliyochanganywa na oili, nikaacha. Siku ya nne nilitia spana kwenye nati kubwa iliyo mbele, kwenye puli, nikajaribu kuizungusha kwa mkono. Haikujongea. Nikaongeza oili. Siku ya tisa ilisogea upana wa kucha, nami nikakaa chini nikacheka peke yangu kama mwehu.

Yaliyobaki yalikuwa mengi. Petroli ya zamani ilikuwa imegeuka gundi ndani ya kabureta zote mbili. Tangi lilijaa kutu. Tulitia ndani kokoto na kipande cha mnyororo tukalitikisa mpaka maji yakatoka meupe. Raba za breki zilikuwa zimekauka na kupasuka, na pistoni za breki zimeng'ang'ania. Injini za ukoo ule zilitumika katika Datsun nyingine nyingi, kwa hiyo baadhi ya vipuri nilivipata Mwanza, nikivuka kwa kivuko cha Busisi, maana daraja lilikuwa bado linajengwa. Lilifunguliwa mwaka 2025. Sakafu, iliyoliwa na unyevu, iliungwa na kijana ambaye kazi yake ya kila siku ni kuchomelea makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu. Alinitoza nusu ya bei kwa sharti kwamba siku likiwaka awepo.

Liliwaka mwezi wa nne wa kazi, jioni. Lilikohoa, likatoa moshi mweusi, likazima. Mara ya tatu likashika. Mke wangu alitoka jikoni na mwiko mkononi. Yule kijana alikuwepo.

Jumapili iliyofuata mdogo wangu alifika kutoka Geita. Alilizunguka gari mara mbili bila kusema, akalifungua boneti, akasikiliza. Kisha akaniuliza kwa upole, "Kaka, sasa hili gari ni la nani?"

Nilimjibu kwamba ni letu sote. Nilisema kwa sauti ya mtu mkarimu. Lakini chumbani kwangu kulikuwa na daftari. Humo nilikuwa nimeandika kila shilingi: plagi, raba, nauli ya kivuko, hata soda ya kijana wa kuchomelea. Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo tulivyofundishwa. Ila mimi sikuliandika daftari lile ili mali isipotee. Niliandika ili siku moja niliweke mezani na kusema: sasa nani atabisha? Swali la mdogo wangu lilipita moja kwa moja mpaka kwenye daftari ambalo hakuwa amelijua.

Usiku ule nilitafuta hoja ya kunitetea. Mwingereza John Locke, katika karne ya 17, alidai kwamba mtu akichanganya kazi yake na kitu kisicho cha mtu, kitu kile huwa chake. Nikafurahi, kisha nikakumbuka maneno "kisicho cha mtu". Gari lile lilikuwa na wenyewe wanne. Nikamkumbuka Mwalimu Nyerere, ambaye mwaka 1958, katika makala yake ya "Mali ya Taifa", aliandika juu ya ardhi. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kwamba anayesafisha pori na kulilima hapati kuimiliki ardhi yenyewe, bali anapata haki kwa ajili ya kile alichokiongeza, na haki hiyo hudumu kadiri anavyoendelea kuitumia. Nilihisi kama ameniandikia mimi. Kilichokuwa changu ni ule mwamko tu: tofauti kati ya chuma cha mizani na injini inayonguruma. Chuma chenyewe kilikuwa cha baba, na baba alikuwa wa wote.

Lakini hoja haikuishia hapo. Kama mimi sikupata umiliki kwa kufanya kazi, je, wenzangu hawakupoteza chochote kwa kutofanya? Naona walipoteza. Aliyenyamaza miaka zaidi ya ishirini hawezi kuja kulalamikia rangi au aina ya vipuri. Hata hivyo hakupoteza haki ya kuulizwa, na hapa ndipo kosa langu lilipo. Simu ilikuwa mfukoni. Kuwauliza wote watatu kusingenigharimu hata bei ya plagi moja. Sikuwauliza kwa sababu niliogopa jibu. Na mtu anayeogopa jibu ameshakiri kwamba mwenzake anayo haki ya kulitoa.

Utaniuliza, ndugu msomaji: je, ungeuliza, gari lingekuwepo? Pengine lisingekuwepo. Wengi walitaka liuzwe, na mizani ilikuwa tayari mlangoni. Kwa hiyo nililiokoa kwa kukosea. Nimeligeuza jambo hili kila upande, na sijapata jibu lenye kuniridhisha kabisa. Ninachoweza kusema ni kwamba kitendo kinaweza kuwa na matunda mema na bado kikadai kuombewa radhi, na kwamba anayekataa kuomba radhi kwa sababu mambo yamekwenda vizuri hujizoesha vibaya. Safari ijayo haitakuwa gari. Itakuwa shamba, au nyumba, au mtoto wa mwenziwe.

Tulikaa sote wanne wakati wa Pasaka, kwa mara ya kwanza tangu arobaini ya baba. Nililiweka daftari mezani, lakini si kwa namna niliyokuwa nimepanga. Niliomba radhi kwanza, ndipo nikalifungua. Dada alilichukua, akalisoma ukurasa kwa ukurasa akiwa amevaa miwani, akalifunga. "Baba alitengeneza magari ya watu miaka thelathini," alisema. "Hakurudi na hata moja kwa sababu ya kulitengeneza. Hili alilinunua." Hakuna aliyepata la kuongeza. Wakakubaliana kunirudishia nusu ya gharama kidogo kidogo, nami nikakubali nusu nyingine iwe mchango wangu. Gari ni la wote. Ufunguo unakaa kwa dada, ambaye hajui kuendesha.

Mchana ule mdogo wangu aliliendesha kuelekea Bwanga, mimi nikiwa kiti cha pili. Alikuwa akibadili gia mapema mno, na vali ya silinda ya tatu ilikuwa inagonga. Nilifungua mdomo nimwambie. Halafu nikaufunga, nikatazama barabara.