Istikhara si kusubiri ndoto

Wiki iliyopita kijana mmoja niliyemfundisha hapa Ujiji alinijia baada ya swala ya Alasiri. Amechaguliwa na vyuo viwili: Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, na Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichoanza kufundisha mwaka 2005. Shahada ni ile ile ya ualimu wa sanaa. Hata njia ni moja: reli itokayo Kigoma hufika Dodoma kwanza, kisha Morogoro.

"Ustaadhi," akasema, "nimeswali istikhara siku saba, sijaota kitu."

Nikamuuliza ada ya kila chuo. Hajui. Masomo atakayofundishwa kuyasomesha? Hajui. Mama yake, anayeanika dagaa Kibirizi, anasemaje? Hajamuuliza.

Ndugu msomaji, hapa ndipo wengi tunapokosea. Istikhara iliyopokewa na Jabir (r.a.) kutoka kwa Mtume (s.a.w.), kama ilivyo katika Sahih Bukhari, ni dua ya mtu aliyekwisha kukusudia jambo. Ndoto haikutajwa ndani yake. Na katika Surat Aal Imran, aya ya 159, kushauriana kumetangulia, ikafuata azma, ndipo kutawakali. Anayeziruka hatua mbili za mwanzo, kisha akauita uzito wake tawakali, anajidanganya.

Wapo watakaosema achague cha Kiislamu, yatosha. Jina ni jema, lakini jina halimswalishi mtu. Atakayekwenda Dodoma akahifadhi swala zake hakuiacha dini. Na atakayekwenda Morogoro akaiba mtihani hakuipata.

Kubwa zaidi ni haki za watu. Utaratibu wa udahili unamtaka aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja athibitishe kimoja. Akikaa kimya hadi muda upite, anaweza kukosa vyote. Na muda wote huo ameshikilia nafasi mbili, ilhali kijana mwingine, pengine wa Kasulu au Uvinza, anasubiri moja tu. Mambo mawili ya kheri yakifanana, kosa haliko katika kuchukua hili au lile. Liko katika kutochagua.

Jioni ile alikwenda Kibirizi kwa mama yake. Watakachokubaliana ni chao. Wakishakusudia, na aswali rakaa zake mbili, athibitishe, aiachie nafasi ya pili siku hiyo hiyo. Yaliyobaki ni ya Allah.