Uso wa Aliyenusurika

Mwaka 1998 kampuni ya McFarlane Toys ya Marekani ilitoa toleo la kwanza la Movie Maniacs, sanamu za filamu za kutisha zilizochongwa kwa ufundi mkubwa ili watu wazima wazipange kabatini, si watoto wazichezee. Freddy Krueger alikuwamo, Jason Voorhees alikuwamo, na Leatherface alikuja na msumeno wake. Nancy Thompson, aliyepambana na Freddy mwaka 1984 katika A Nightmare on Elm Street, hakuwamo. Wala hakuwamo Sally Hardesty, aliyeponyoka mikononi mwa Leatherface mwaka 1974. Hata kabla ya hapo, Alien ilipotoka mwaka 1979, kampuni ya Kenner ililitengenezea lile dubwana la angani sanamu ya inchi 18, ikauzwa kama kitu cha kuchezea hadi malalamiko ya wazazi yakaiondoa madukani. Ellen Ripley, mwanamke aliyelitupa dubwana hilo nje ya chombo, alingoja hadi mwaka 1992 ndipo Kenner ikamtolea sanamu. Mambo yanayojirudia hivi si ya kubahatisha. Anayeua huchongwa kwanza. Anayenusurika huchongwa baadaye, kama atachongwa. Je, inafaa kumchonga? Nasema inafaa, na inafaa sana, lakini kwa sharti ambalo watengenezaji wengi hulivunja: woga wake usifutwe usoni.

Sababu za kiwanda zisikilizwe kwanza, maana zina uzito. Muuaji wa filamu hizi huja na alama zake tayari. Katika Halloween ya John Carpenter, ya mwaka 1978, Michael Myers ni barakoa: barakoa ya Kapteni Kirk wa Star Trek iliyonunuliwa dukani, ikapanuliwa matundu ya macho na kupakwa rangi nyeupe. Mchongaji akishapata barakoa hiyo na ovaroli, kazi imekwisha, na hata aliyeitazama filamu dakika tano tu atamtambua. Laurie Strode, binti anayewindwa, amevaa nguo ambazo ungezikuta kwa msichana yeyote wa mji wake. Akipunguzwa hadi sentimita 18 za plastiki, kinachobaki kumtambulisha ni uso, na uso huo ni wa Jamie Lee Curtis, mtu aliye hai, mwenye haki juu ya sura yake, ambaye ridhaa yake haina budi kutafutwa na kulipiwa. Tena uso wa binadamu ni mgumu: pua ikikosewa kidogo tu, mnunuzi anamwona mgeni. Kiwanda kinachopiga hesabu humchagua muuaji, na kwa hesabu hiyo hakijakosea. Hata hivyo, ugumu huo unatuambia jambo kubwa kuliko bei. Muuaji ni mwepesi kuchongwa kwa sababu filamu imemnyima nafsi kwa makusudi. Nick Castle, aliyeivaa ile barakoa sehemu kubwa ya filamu, ameandikwa katika orodha ya waigizaji kuwa anaigiza Umbo. Na umbo ndicho kitu ambacho sanamu imezaliwa kukibeba.

Hapa linaanza pingamizi la kifalsafa, ambalo ni zito kuliko la dukani. Mwaka 1766 Mjerumani Gotthold Ephraim Lessing, katika kitabu chake Laokoon, alitenganisha sanaa zinazoishi katika wakati na zile zinazoishi mahali. Mshairi husimulia mambo yanayofuatana; mchongaji hupewa lahadha moja tu, na lazima ajue aichague ipi. Sasa mfikirie shujaa wa kike wa filamu hizi. Mtaalamu wa Marekani Carol J. Clover, katika makala ya mwaka 1987 na kisha katika kitabu cha mwaka 1992, alimpa jina la msichana wa mwisho: ndiye anayebaki wenzake wote wakishauawa, anayekimbizwa hadi hana pa kukimbilia, kisha anageuka. Maana yake yote imo katika huko kugeuka. Muuaji wa dakika ya kwanza na wa dakika ya mwisho ni yule yule, msichana siye. Mfuasi wa Lessing atasema basi kwamba sanamu ya Freddy haimpotezei Freddy chochote, ilhali sanamu ya Nancy inampoteza Nancy mwenyewe. Ukimchonga akikimbia, umechonga windo. Ukimchonga ameinua silaha, umechonga muuaji mwingine, mzuri wa sura. Alichokuwa nacho cha pekee, yaani safari ya kutoka hapa hadi pale, hakiingii katika plastiki.

Pingamizi hili lingekuwa la mwisho kama ushujaa ungekuwa kweli safari ya namna hiyo, ambamo woga huondoka kwanza ndipo ujasiri uingie. Aristotle aliliona jambo hili vizuri zaidi katika Maadili yake ya Nikomako: mtu asiyeogopa kitu chochote, hata tetemeko la ardhi au mawimbi ya bahari, si jasiri, ni mwendawazimu au amekufa ganzi. Jasiri huogopa kinachostahili kuogopwa, na akiwa bado anaogopa, husimama. Vitu hivi viwili havipokezani zamu. Hukaa pamoja katika mwili mmoja kwa wakati mmoja, na kilichoko kwa wakati mmoja kinachongeka. Filamu zenyewe zimeshampa mchongaji lahadha anazozihitaji. Mwishoni mwa Alien, Ripley anajipenyeza katika vazi la angani, huku dubwana limejibanza hatua chache kutoka alipo, na anajiimbia kwa sauti ya chini inayotetemeka ili mikono yake iendelee na kazi. Laurie yuko ndani ya kabati la nguo, milango inavunjwa, naye anaunyoosha waya wa kutundikia nguo uwe silaha. Katika lahadha hizo hakuna ushindi bado, wala hakuna kushindwa. Lessing mwenyewe alishauri hivyo: mchongaji asichague kilele, kwa sababu kilele hakiachii fikra ya mtazamaji pa kwenda.

Kwa hiyo ninapozitazama sanamu nyingi zilizoko sokoni, ninachosikitikia si kwamba zipo. Ni kwamba zimeuchagua wakati usiofaa. Kidevu juu, bunduki mbele, macho matulivu. Siku hizi baadhi ya sanamu za bei kubwa huuzwa zikiwa na vichwa vya kubadilisha, kimoja kikipiga kelele na kingine kimetulia, na mwenye sanamu huchagua. Ni ubunifu wa kupendeza, na kwa namna fulani ni jibu kwa Lessing, kwa sababu sanamu yenye viungo na vichwa viwili haijafungwa katika lahadha moja. Lakini vichwa hivyo hutenganisha kile ambacho ushujaa umekiunganisha. Kinachotakiwa ni uso mmoja wenye vyote viwili, na huo ndio mtihani wa mchongaji. Sally Hardesty angekuwa mtihani mkubwa kuliko wote: filamu inamwacha nyuma ya gari la pikapu kulipopambazuka, damu mwili mzima, akicheka na kulia bila kuweza kutofautisha. Hakumpiga mtu. Hakushinda chochote isipokuwa kubaki hai. Mchongaji atakayemweza Sally atakuwa amefanya kazi ambayo Leatherface elfu moja hawawezi kuilipa.

Kuna wanaosema kwamba mateso ya mwanamke hayapaswi kuwa pambo la kabatini, na historia iko upande wao. Mwaka 1971 kampuni ya Aurora ya Marekani iliuza seti za kuunganisha zilizoitwa Monster Scenes. Miongoni mwake alikuwamo msichana asiye na jina, aliyeitwa Mhanga tu, pamoja na kizimba cha kuning'inia na pendulamu yenye makali ya kumkata. Watu waliandamana kuzipinga, seti zikaondolewa, na waandamanaji walikuwa na haki. Ubaya mwingine ni wa upole zaidi, na kwa hiyo haukemewi. Kotobukiya ya Japani ina mfululizo maarufu ambamo Freddy, Jason na wenzao wamegeuzwa kuwa warembo wa nguo fupi. Ufundi wake ni wa hali ya juu, lakini mwanamke ameingia kwenye rafu kwa kuvishwa alama za muuaji, na aliyemshinda muuaji bado yuko nje. Sizitetei kazi hizo. Ninachodai ni kwamba kosa la zote mbili ni moja: ziliuondoa woga kama jambo la mtu. Mhanga wa Aurora alikuwa na mateso bila nafsi ya kuyahisi. Warembo wa Kotobukiya hawana cha kuogopa. Mwanamke anayeogopa na anayetenda hageuzwi kitu kwa urahisi hivyo, kwa sababu uso wake unamdai mtazamaji ajiulize angefanya nini mahali pale.

Mfano unaoijaribu hoja yangu kwa ukali zaidi ni wa Lupita Nyong'o, Mkenya aliyezaliwa Mexico, katika filamu ya Us ya Jordan Peele, ya mwaka 2019. Anaigiza Adelaide, mama anayeilinda familia yake, na pia Red, pacha wake wa kutisha mwenye nguo nyekundu na mkasi wa dhahabu. Shujaa na dubwana wana uso mmoja. Mwishoni tunafunuliwa kwamba walibadilishana utotoni: yule tuliyemshangilia alitoka chini ya ardhi, na yule tuliyemwogopa ndiye msichana aliyeibiwa maisha yake. Mtu atauliza: ikiwa kalibu ile ile ya kiwandani inatosha kwa wote wawili, si basi mkasi na chuma cha kuchochea moto ndivyo pekee vinavyotofautisha shujaa na muuaji? Nadhani filamu inajibu kinyume. Nyong'o hakuwaigiza kwa uso mmoja. Red ana macho makavu na mwendo wa mtu aliyemaliza kuogopa zamani; Adelaide anaogopa kila dakika, kwa ajili ya watoto na, kama tunavyogundua baadaye, kwa ajili ya siri yake. Mchongaji anayewatofautisha kwa nguo tu ameshindwa. Anayewatofautisha kwa shingo, mabega na kope ameielewa filamu, na kazi yake inamrudisha mtazamaji kwenye swali gumu la Peele: woga wa Adelaide ni wa mama, au ni wa mwizi anayehofia kukamatwa? Sanamu inayoweza kuuliza hilo inastahili plastiki yake.

Litabaki lalamiko kwamba hizi ni bidhaa za kalibu, zinazotolewa kwa maelfu, na nyingine hazitoki hata ndani ya sanduku lake. Ni kweli. Lakini katika karne ya 4 na ya 3 kabla ya Kristo, wafinyanzi wa Tanagra huko Ugiriki walitoa kwa kalibu sanamu ndogo za udongo za wanawake wa kawaida, wakiwa wamejifunika mashuka yao ya kila siku, wakazipaka rangi na kuziuza. Wanawake hao hawakuwa miungu wala malkia, na leo sanamu zao ziko katika makumbusho ya Louvre. Kutolewa kwa wingi hakukuziua, wala mavazi ya kawaida hayakuzifanya zisionekane. Aliyezifinyanga alijua mwili wa mtu husimamaje. Nakubali kwamba sanamu ya Laurie haitamwambia kitu asiyeiona Halloween. Lakini hali ni hiyo hiyo kwa sanamu za shaba za wapigania uhuru katika viwanja vya miji yetu: asiyesimuliwa habari zao huona mtu aliyesimama tu, na hatukuacha kuzijenga kwa sababu hiyo.