Darsa la Ramadhani, siku ya 12: Taka tulizomhamishia jirani

Ndugu zangu wa Mkiwa pamoja nanyi mliosafiri mnaotufuatilia hapa.

Alhamdulillah, Mwenyezi Mungu ametufikisha siku ya 12. Leo nazungumzia takataka. Najua kuna atakayesema, "Ustadhi naye, Ramadhani yote hii kakosa mada?" Subiri, soma mpaka mwisho, halafu unihukumu.

Juzi asubuhi, baada ya ile mvua kubwa ya usiku, alikuja bibi jirani yetu wa kule chini ya korongo. Wengi mnamfahamu. Si Muislamu, lakini misiba yetu yote huwa anakuja. Nikamwamkia, akaitikia, akatua gunia mlangoni kwa msikiti.

"Mwanangu, nimewaletea vyombo vyenu."

Kulifungua, jamani! Vikombe vya plastiki vya uji wetu wa futari. Chupa za maji. Maboksi ya tende. Mifuko laini imejaa tope. Yote yametoka korongoni, maji yameyasomba mpaka kwenye mtama wake. Akaniambia pia ana mbuzi, siku ya tatu hacheui, tumbo limejaa. Jana wakamchinja kabla hajafa, na tumboni mkatoka fundo la nailoni kubwa kama ngumi mbili.

Mtu anaweza kusema, "Tutajuaje kama nailoni ile ni yetu? Magari yote ya Dodoma na Singida yanapita hapa, na ya Itigi yanaingilia hapa, abiria wanatupa chupa dirishani." Ni kweli. Lakini mimi sikuweza kumwambia bibi maneno hayo na gunia letu liko miguuni pangu. Isitoshe, siku ya kwanza ya mfungo vijana waliponiuliza taka wapeleke wapi, ni mimi niliyewajibu: "Katupeni korongoni." Kosa ni langu kabla halijawa lao.

Ndugu zangu, hapa ndipo ilipo darsa.

Mtume wetu (S.A.W.) aliwauliza masahaba wanamjua nani kuwa ni muflisi. Wakataja asiye na pesa wala mali. Akawafundisha kwamba muflisi wa umma wake ni yule atakayekuja Kiyama na swala zake, saumu zake na zaka zake, lakini huku amemtukana huyu, amekula mali ya yule, amempiga mwingine. Basi mema yake yatagawiwa kwa aliowadhulumu, na yakiisha kabla ya deni, atabebeshwa madhambi yao. Hadithi hii ameipokea Imamu Muslim.

Sasa jiulize. Tumefunga siku 12 kwa njaa na kiu, halafu mtama na mbuzi wa mtu vinasubiri kulipwa kutoka kwenye saumu zetu. Haki ya Allah ukitubu Yeye ni Mwingi wa kusamehe. Haki ya mja haiishi kwa istighfari peke yake, mpaka umrudishie au akusamehe mwenyewe. Na haki ya jirani haiulizi jirani anaswali wapi.

Upande wa pili upo, nao ni wa matumaini. Katika hadithi za Bukhari na Muslim kuna mtu aliyekuwa anapita njiani, akakuta tawi la miiba, akaliondoa. Allah akampokelea kitendo kile na akamsamehe. Tawi moja tu! Lakini angalia vizuri: aliondoa udhia, hakuuhamisha. Angelitoa njiani akalitupa mlangoni kwa mtu, angekuwa amefanya nini? Ndicho tulichofanya sisi. Tumefagia msikiti ukang'aa, uchafu tukampelekea bibi.

Wengine wanasema tuchome tu, yaishe. Haiishi. Plastiki ikichomwa, moshi wake mchafu unaingia kifuani kwa mtoto wa nyumba ya pili, na upepo wetu huu wa Singida mnaujua. Wengine wanasema ni kazi ya halmashauri. Ndiyo, Sheria ya Mazingira ya 2004 imezipa halmashauri wajibu wa taka, na tuna haki ya kudai. Hata mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa serikali iliipiga marufuku tangu 1 Juni 2019. Lakini anayelijaza gunia la futari ni mimi na wewe.

Tena jambo hili si geni kwetu. Nani hapa akikamua alizeti anatupa mashudu? Yanauzwa, ng'ombe na kuku wanakula. Kule Dar es Salaam, Mabwepande, Manispaa ya Kinondoni ina kiwanda kinachogeuza taka za sokoni kuwa mboji. Sisi hatuhitaji kiwanda. Tunahitaji kutochanganya. Ganda la tikiti peke yake ni mbolea, chupa peke yake ni pesa. Ukivitia gunia moja, vyote vimekuwa uchafu.

Kwa hiyo kuanzia leo, inshaallah:

*1. Shimo la mboji.* Baada ya Alasiri vijana tuchimbe shimo pembeni ya uwanja wa msikiti, kina cha kiuno. Majani tuliyofyeka, matawi laini yaliyokatwakatwa, maganda ya matunda na mabaki ya chakula, yote humo. Tabaka la majani makavu, tabaka la vibichi, samadi kidogo, udongo juu. Tunyunyize maji ya kiasi, tugeuze kila baada ya wiki mbili. Miezi mitatu hivi, ni mbolea. Matawi ya miiba yasiingie humo, tutayatumia kuzungushia shimo ili mbuzi na watoto wasiingie.

*2. Gunia la chupa.* Chupa tupu zikiwa kavu. Tusiziuze sisi, tumwachie yule mama anayeokota chupa barabarani. Na wewe unayenunua chupa kwa kilo, isome Suratul Mutaffifiin kabla hujashika mizani. Kumpunja muokota chupa ni kupunja kamili, hata kama bidhaa ni taka.

*3. Vikombe.* Kila mtu aje na kikombe chake cha uji kutoka nyumbani. Hili ndilo jepesi kuliko yote. Kitakachobaki kisichooza wala kuuzika, kifungwe na kiende jalala lililotengwa, si korongoni.

*4. Msimamizi.* Jambo lisilo na mtu hufa. Wawili wajitolee kulisimamia mpaka Idi, na baada ya Idi tuwabadilishe. Ni amana hiyo. Yule mwanamke aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume (S.A.W.) alipofariki, watu waliona si jambo la kumsumbua nalo. Mtume alipojua, alikwenda kaburini kwake akamswalia.

*5. Deni la bibi.* Leo baada ya Tarawehe tubaki kidogo. Mimi nimeshaanza kwa nilichonacho. Tuchange thamani ya mbuzi na ya mtama ulioharibika, kesho twende tukamuombe radhi, na vijana waingie shambani wakaokote kila kilichobaki. Tusiite sadaka. Sadaka mtu anatoa akipenda, na hili ni deni.

Ewe Mola wetu, zipokee saumu zetu na usizifanye kuwa malipo ya tuliowadhulumu. Tupe wepesi wa kurudisha haki za watu kabla ya siku isiyo na dinari wala dirhamu. Aamin.

Majembe mje nayo. Alasiri, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.