Wembe ni Amana: Mwanafunzi wa Kinyozi na Haki ya Kichwa cha Mwenziwe

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemwumba binadamu kwa umbo lililo bora, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Hapana mji wa Waislamu usio na kinyozi, na Ujiji ni mmoja katika miji hiyo. Tangu siku za misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapitia Tabora, hata ikatua ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, bandari ile ilikuwa mahali watu walipofika wamechoka, nywele zimewaota na vumbi limewajaa. Burton na Speke walifika hapo mwaka 1858, na Stanley akamkuta Livingstone hapo mwaka 1871. Lakini waliofika kwa wingi kuliko hao ni wapagazi na wafanya biashara, ambao majina yao hayakuandikwa. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilipofika Kigoma mwaka 1914, biashara nyingi iliiandama reli, wala Ujiji haikuacha kuwa mji wa misikiti na vyuo. Na penye msikiti pana mtoto anyolewaye siku ya saba, pana mzee ajitengenezaye kwa Ijumaa, pana mtu ajiwekaye tayari kwa Hija. Basi pana wembe, na wembe wataka mkono uujuao.

Lakini mkono haukuzaliwa na ujuzi. Kila kinyozi aliye hodari leo, ilikuwako siku aliyoushika wembe kwa mara ya kwanza, na siku ile palikuwa na kichwa cha mtu mbele yake. Swali la karatasi hii ndilo hilo: kichwa kile kilikuwa cha nani, na kwa haki gani? Waarabu wana methali ya kumkemea mtu wa namna hii. Humsema kuwa amejifunza kuumika kwa vichwa vya mayatima. Maana yake ni kuwa ujuzi wake aliupata kwa damu ya watu wasio na wa kuwatetea. Methali hiyo yachekesha kwa asikiaye, na kwa yatima haichekeshi.

Na ajue msomaji kwamba kazi yenyewe si nyepesi. Wembe wa kukunja si kama nyembe nyembamba za kutupwa, zilizoenea duniani baada ya Gillette wa Marekani kupata hati ya ugunduzi wake mwaka 1904. Wembe wa kukunja wataka kunolewa juu ya kinoo, makali yakitangulia. Kisha wapitishwa juu ya mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia. Mwanafunzi akisahau akatanguliza makali katika mkanda, huikata ngozi na kuyaua makali kwa pigo moja. Nywele zataka maji ya moto na povu la kutosha hata zilainike. Mkono wa kushoto huvuta ngozi ya mwenye kunyolewa ikakazana, na mkono wa kulia hulaza wembe, mgongo ukiinuka kiasi cha theluthi ya pembe ya mraba. Ukilazwa mno, wembe huvuta nywele usizikate; ukisimamishwa mno, huacha nywele ukakata ngozi. Tena huendeshwa kufuata njia ya nywele, wala hauburutwi kwa upande kama msumeno, kwani hapo ndipo ngozi ipasukapo. Na ajabu yake ni kuwa wembe butu una hatari kuliko mkali, kwa sababu butu hutaka nguvu, na penye nguvu mkono hukosa adabu.

Mambo haya yote yaweza kuelezwa kabla ya adhana kufuata adhana, na mwanafunzi akayahifadhi. Lakini mkono hauhifadhi kwa kusikia. Huhifadhi kwa kurudia miezi, na kila marudio yahitaji ngozi. Hapo ndipo yanapoanza mashaka.

Wako wasemao: Maadamu pana hatari, na iachwe kazi hii, watu wajitengenezee wenyewe. Neno hili halisimami. Methali ya Waswahili imekwisha kulijibu: kinyozi hajinyoi. Hata aliye bingwa hakioni kisogo chake. Na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, yaani 1111, alitaja katika kitabu chake cha Ihya kuwa kazi kama za ukulima, ufumaji na uumikaji ni fardhi ya kutosheleza. Mji mzima ukikosa muumikaji, watu wake wote wamo katika taabu na lawama. Unyozi ni jirani wa kazi hiyo, na mara nyingi mkono ni ule ule mmoja. Basi kujifunza hakuna budi, na ambalo halina budi halizuiliwi kwa ajili ya hatari yake, bali hutafutiwa njia iliyo salama.

Wako na wengine wasemao kinyume: Maadamu ni lazima, na ajifunze kwa yeyote atakayetokea. Na hili ndilo litendwalo na wengi bila ya kusemwa. Mwenye fedha akija kibandani humngoja fundi mwenyewe, hata fundi akiwa na watu watano mbele yake. Mtoto wa mjane akija, huambiwa: Kaa hapa kwa kijana. Akilia, watu humcheka na kumwambia kuwa atazoea. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, na kila kibanda chaijua.

Mwenye kuitetea desturi hiyo ana hoja mbili. Ya kwanza husema: Masikini hutozwa nusu ya ujira, naye ameridhika. Jawabu ni kuwa ridhaa ina masharti. Haiwi ridhaa ila kwa mtu mzima mwenye akili, aliyeambiwa kweli, na mwenye uwezo wa kukataa. Mtoto hana ridhaa. Asiyeambiwa kuwa mkono ni wa mwanafunzi ameghushiwa, na Mtume (S.A.W.) amejitenga na mwenye kughushi. Na aliyeambiwa akakubali, ameridhia kunyolewa taratibu na kwa upungufu. Hakuridhia kukatwa kwa uzembe. Ndiyo maana mafakihi walipomzungumza muumikaji na mtahiri walitenganisha: aliye mjuzi asipite mpaka hadhamini lililotokea, na asiye mjuzi hudhamini. Na imepokewa katika vitabu vya Sunna kuwa mwenye kujitia utabibu naye hajulikani kwa utabibu, madhara yake ni juu yake.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi. Husema: Kila kinyozi mwema wa leo alimkata mtu jana. Mkizuia kichwa cha masikini, na kichwa cha tajiri hakitolewi, mwisho wake ni mji usio na kinyozi, na atakayetaabika kwanza ni huyo huyo masikini. Hoja hii haijibiwi kwa kulaumu. Hujibiwa kwa kuonyesha njia.

Njia yenyewe ni daraja, na kila daraja ina haki yake. Kwanza mwanafunzi aushike wembe usio na makali, auendeshe juu ya puto lililopakwa povu, ambalo akizidisha nguvu hupasuka wala halitoki damu. Kisha na ahamie mwilini mwake, katika muundi wa mguu wake mwenyewe, ili makosa yake yamwume yeye kabla ya kumwuma mwenziwe. Mtu aliyejikata hahitaji kuambiwa mara ya pili maana ya pembe ya wembe. Lakini hapa methali yarudi: kinyozi hajinyoi. Mguu si kichwa, na utosi wake mwenyewe hataufikia. Yampasa sasa kichwa cha mtu mwingine; na mtu huyo wa kwanza ni nani?

Ni fundi mwenyewe. Yeye ndiye amjuaye mwanafunzi wake kuliko watu wote. Yeye ndiye asemaye kuwa mkono sasa umekomaa. Na yeye ndiye atakayefaidi kazi ya kijana huyo. Basi na aketi juu ya kigoda, ainamishe kichwa chake. Akiogopa, hofu yake ni ushahidi kuwa mwanafunzi hajawa tayari, na alilolikhofia kwa nafsi yake asimpelekee yatima. Asiyempa mwanafunzi wake kichwa chake, hana haki ya kumpa kichwa cha mtu mwingine. Hii ndiyo maana ya Hadithi iliyo mashuhuri, kwamba imani ya mtu haitimii mpaka ampendelee nduguye lile ajipendelealo.

Na katika sira pana mfano ulio karibu na jambo hili. Mwaka wa 6 wa Hijra, yaani 628, pale Hudaibiya, Waislamu walizuiliwa kuingia Makka, wakaamrishwa kuchinja na kunyoa, nao kwa huzuni wakasita. Bi Ummu Salama akamshauri Mtume (S.A.W.) asiseme na mtu neno, bali atoke achinje, amwite kinyozi wake amnyoe. Akafanya hivyo. Watu walipoona, wakainuka wakanyoana wao kwa wao. Habari hii si ya kujifunza unyozi, lakini ni ya kuongoza watu: aliyetaka vichwa vya watu alianza kwa kutoa chake.

Baada ya fundi hufuata watu wazima walioambiwa kweli na wakaridhia. Na hapa wenye mali na wazee wa mtaa wasijifiche. Ikiwa kinyozi ni fardhi ya mji, taabu ya kumfundisha ni deni la mji, wala haiwi haki deni la wote kulipwa na mayatima peke yao. Waswahili husema: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Wengi huifahamu kuwa ni onyo la kujihadhari na balaa lijalo. Lakini yaweza kufahamiwa vingine: kwamba zamu ni ya kila mtu, na aliyemtazama mwenziwe akinyolewa na mwanafunzi, naye na alowanishe kichwa chake.

Mtoto mchanga ni wa mwisho kabisa. Kumnyoa siku ya saba na kutoa sadaka ya fedha kwa uzani wa nywele zake ni sunna, lakini utosi wake haujafunga mfupa, ngozi yake ni laini, naye hawezi kusema basi. Asiguswe ila na mkono ambao vichwa vingi vya watu wazima vimeushuhudia.

Na asikumbukwe katika jambo hili ila Khubaibu bin Adiy, Mwenyezi Mungu amwie radhi. Alitekwa baada ya khiyana ya Rajii, mwaka wa 4 wa Hijra, akauzwa Makka ili auawe. Akiwa kifungoni aliazima wembe kwa binti wa al-Harith ili ajitengeneze. Mtoto mdogo wa mwanamke yule akamwendea mfungwa, mama hana habari, akaketi pajani pake na wembe u mkononi. Mama alipoona alifazaika. Khubaibu akamtuliza, akamwambia kuwa hilo hatalitenda. Alikuwa na wembe, na mtoto wa watu waliokusudia kumwua, wala hapakuwa na wa kumzuia. Amana ilimzuia. Basi kinyozi wa kibandani, ambaye hana kisasi na mtu, ana udhuru gani wa kukidharau kichwa cha mtoto aliyeaminiwa kwake?

Tena katika zama hizi amana ya wembe imezidi uzito. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera, na tangu hapo watu wamefahamu kuwa damu ya mmoja yaweza kubeba mauti ya wa pili. Virusi vya homa ya ini ya namna ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa muda wa siku 7 au zaidi. Wembe uliopanguswa kwa kitambaa na kuchovywa katika kikombe cha maji hung'aa, na kung'aa si kusafika. Kila kichwa kina haki ya wembe mpya, na mwanafunzi afundishwe hilo kabla ya kufundishwa kunyoa. Mtume (S.A.W.) amekataza kudhuru na kudhuriana, na asiyejua ghafla amekwisha kujua hana tena hoja.

Mambo haya si ya vinyozi peke yao. Mwalimu mpya wa chuo hujifunza kwa ndimi za watoto, tabibu kijana kwa miili ya wagonjwa, na kadhi kwa haki za wagombanao. Wavuvi wa Kigoma wameujua msingi huu zamani. Kijana hafundishwi kushika usukani siku ambayo upepo wa kusi umechafua ziwa. Hufundishwa siku ya shwari, na amfundishaye yumo chomboni humo humo. Akikosea, wote wawili watalowa. Kila mafundisho ambayo mwalimu wake yuko pwani mkavu, na mwanafunzi yuko majini na roho za watu, yana kasoro ndani yake, hata wakiokoka.

Hukumu ya kunyoa ndevu wanavyuoni wameizungumza mahali pake, wala si maudhui ya karatasi hii. Maudhui yake ni haya: elimu ya mkono haipatikani pasipo mwili wa mtu, na mwili wa mtu ni amana. Ajifunzaye na aanze kwake, afundishaye na atangulize chake, na mji mzima uchukue sehemu yake, ili siku ya hesabu asije yatima akadai damu ambayo kila mtu aliiona ikitiririka na kila mtu akacheka.

Wallahu aalam. Wa billahi ttawfiq.