Karati 18: Je, Kilichochanganywa ni cha Uongo?



Wapendwa vijana, tafakari ya leo imetokana na saa. Kijana mmoja wa VIWAWA, anayefanya kazi hotelini kaskazini mwa Unguja, alipewa na mjomba wake aliyeko Muscat saa yenye mkanda wa dhahabu. Mkanda ulikuwa mrefu, akaupeleka kwa sonara Mji Mkongwe ukapunguzwe pingili mbili. Sonara akamwonyesha chapa ndogo ndani ya kifungio: 750. Maana yake ni kwamba katika kila sehemu 1,000 za mkanda ule, 750 ni dhahabu na 250 ni madini mengine. Ndugu yetu akarudi amenyong'onyea.

"Frateri," akaniambia, "kumbe siyo dhahabu kamili."

Kisha akaongeza jambo ambalo sikulitegemea: "Na mimi ndivyo nilivyo. Robo tatu. Ndiyo maana siku hizi nikija Misa nakaa nyuma, wala sikomuniki."

Nilimuuliza kama kuna jambo zito linalomzuia. Akasema hapana, siyo dhambi moja anayoweza kuitaja. "Nahudumia wageni, naishi chumba kimoja na Waislamu watatu, Ramadhani nafuturu nao, Jumapili nyingine niko zamu. Kule kwetu ningekuwa Mkristo safi. Hapa nimechanganyika."

Naamini hayuko peke yake. Wengi mnaosoma hapa mnaishi mjini, kazini au chuoni, kati ya watu wa imani nyingine na desturi nyingine, na mmewahi kujiuliza hivyo hivyo. Basi tulichukue swali lake kwa uzito: je, kilichochanganywa ni cha uongo?

Dhahabu tupu haivaliki

Tuanze na dhahabu yenyewe. Nilikwenda kwa sonara mmoja, mzee wa makamo, katika vichochoro vya Mji Mkongwe. Nikamwamkia, akanikaribisha kiti, nikamuuliza kwa nini wasitengeneze mikanda ya saa kwa dhahabu tupu, karati 24. Akacheka.

"Mwanangu, dhahabu tupu laini. Utaivaa leo, kesho imepinda. Lazima uitie fedha, uitie shaba, ndo inashika."

Ni kweli kabisa. Dhahabu safi ni laini kiasi kwamba gramu moja inaweza kufuliwa hadi ienee kama nusu mita ya mraba. Sifa hiyo ni nzuri kwa karatasi za kupamba picha takatifu, lakini kwa mkanda wa saa ni balaa. Mkanda una pingili nyingi zinazosuguana kila unapokunja mkono, na pini zinazobeba uzito wa saa kutwa nzima. Ndiyo maana mikanda ya saa nzuri hutengenezwa kwa karati 18, yaani sehemu 18 za dhahabu katika 24. Hiyo ndiyo 750. Karati 22, inayopendwa kwa bangili na mikufu ya harusi, hugongwa 916. Karati 14 ni 585. Karati 9 ni 375.

Ile robo inayobaki ndiyo inayoamua tabia ya mkanda. Fedha na shaba zikikaribiana, dhahabu hubaki ya manjano. Shaba ikizidi, inakuwa nyekundu na ngumu zaidi. Ukitia paladi au nikeli, inakuwa nyeupe. Kwa hiyo robo ile ina kazi yake. Bila hiyo kungekuwa na dhahabu, ila kusingekuwa na mkanda wa saa.

Hapa Aristotle anatusaidia. Katika kitabu chake juu ya kutokea na kuharibika kwa vitu anatofautisha kuweka vitu pamoja na kuvichanganya kweli. Chukua mchele na choroko kwenye sufuria kabla ya kupika. Ukitazama vizuri, kila punje iko peke yake: huu mchele, hii choroko. Ukiwa na subira unaweza kuhesabu. Lakini dhahabu na shaba zikiyeyushwa pamoja, popote utakapokata utakuta kitu kile kile. Vilivyochanganywa havijafa, wala havikubaki kama vilivyokuwa mwanzo; vimo ndani kwa uwezo. Sonara akitaka anaweza kuisafisha tena na kuitoa dhahabu yake.

Sasa rudi kwa ndugu yetu na "robo tatu" yake. Amejihesabu kama mchele na choroko: saa hizi za Kanisa, saa zile za hoteli, huyu Mkristo, yule mhudumu. Lakini mtu siyo sufuria. Hakuna robo yake ambayo ni mhudumu tu, haikubatizwa. Anapobeba sinia ni Mkristo mzima anayebeba sinia. Anapokaa mkekani kufuturu na wenzake ni Mkristo mzima anayekula tende na jirani. Kazi, urafiki, lafudhi ya Kiunguja aliyoizoea, havikumpunguzia ukristo. Vimeupa umbo la kuvaliwa kila siku.

Bwana wetu mwenyewe aliishi Nazareti miaka mingi kuliko alivyohubiri. Mikono yake ilikuwa na sugu za seremala. Tutathubutu kusema miaka ile ilikuwa shaba tupu?

Shaba siyo risasi

Najua kuna atakayeniambia: "Frateri, mbona unatufungulia mlango? Basi kila mtu achanganye anavyotaka."

Hapana. Muulize tena sonara. Shaba inaimarisha dhahabu, lakini risasi, hata ikiingia kidogo sana, inaifanya ivunjike kama biskuti chini ya nyundo. Kwa macho huioni, rangi ni ile ile. Siku ya kuifua ndipo inapopasuka.

Basi tusiseme mchanganyiko wote ni mzuri, wala tusiseme wote ni mbaya. Tuulize: umechanganya na nini, na kwa ajili gani? Jirani wa dini nyingine siyo risasi. Kazi halali siyo risasi. Risasi ni dhambi: wizi mdogo wa bili ya mgeni, usiku unaouficha, chuki unayoibembeleza. Hiyo haina kiasi kinachofaa. Mtu hawezi kusema, "Mimi natia risasi kidogo tu, kwa uimara." Na kama unajua iko ndani, dawa ipo, inaitwa kitubio, usiibatize jina la shaba.

Kosa la ndugu yetu lilikuwa kinyume cha hili: alikuwa na shaba, akaiita risasi, akajinyima mkate wa uzima.

Chapa na ukweli

Uongo, kwa hiyo, hauanzi kwenye kuchanganya. Unaanzia wapi? Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika *Summa Theologiae*, anapozungumzia udanganyifu wa biashara, anagusa hata dhahabu ya wataalamu wa alkemia. Anasema kwa ufupi hivi: kama kitu hakina asili ya dhahabu ya kweli, kukiuza kama dhahabu ni ulaghai, na muuzaji anayejua kasoro ya bidhaa yake akanyamaza, anatenda dhambi na anadaiwa fidia. Kwa hiyo mkanda wa karati 18 wenye chapa 750 ni mkweli kabisa. Mkanda huo huo ukigongwa 916 ni mwongo, ingawa dhahabu iliyomo haikupungua hata chembe.

Na zile zilizochovywa dhahabu juu tu? Hapa nataka tuangalie altareni. Maelekezo ya jumla ya Misale ya Roma, namba 328, yanasema kwamba chombo kitakatifu kikitengenezwa kwa madini yanayoshika kutu, au yenye thamani ndogo kuliko dhahabu, kwa kawaida kipakwe dhahabu ndani. Umeona? Ndani. Kalisi ya shaba katika kigango cha kijijini inaweza kuwa na dhahabu nyembamba sana, na hakuna anayedanganywa, kwa sababu dhahabu ile imeelekezwa kwa Damu ya Kristo, haikuelekezwa kwa macho ya watu. Saa ya bandia hupakwa nje, kwa ajili ya picha ya kurusha mtandaoni. Tofauti iko katika swali moja: uking'aa, unamng'aria nani?

Lakini tusiishie kwenye chapa, kwa sababu chapa inasema kiasi tu, haisemi dhahabu ilikotoka. Pwani yetu ina mfano mchungu. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa na merikebu za vita, akamlazimisha mtawala wake amlipe mfalme wa Ureno kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ikatengenezewa monstransi nzuri mno, iliyokamilika mwaka 1506 na kujulikana kama monstransi ya Belém. Leo iko katika makumbusho ya sanaa ya kale mjini Lisbon. Chombo cha kumwabudu Yesu wa Ekaristi, kwa dhahabu iliyotolewa chini ya mizinga! Maandishi yaliyochorwa juu yake yenyewe yanataja kodi ya Kilwa. Angalau halikufichwa. Hata leo, gramu unayoivaa inaweza kuwa imepitia mikononi mwa mchimbaji mdogo wa Geita anayeshika zebaki bila glavu. Dhahabu inaweza kuwa safi kwa karati na bado ikadai maswali. Nabii Amosi aliwakemea wenye mizani za udanganyifu. Nadhani angetuuliza pia mzigo ulikotoka.

Kuosha siyo kuchubua

Mwisho, utunzaji. Dhahabu ya karati 18 haishiki kutu, lakini jasho, chumvi ya pwani, mafuta na manukato hujikusanya kati ya pingili, vumbi likanata humo likawa kama msasa unaokula pini. Ushauri wa kawaida ni huu: maji ya vuguvugu, sabuni isiyo kali, mswaki laini, suuza, kausha kwa kitambaa laini. Kama saa haizuii maji, utoe mkanda kwanza. Usiguse jiki, na uvue kabla ya kuingia kwenye bwawa la kuogelea, kwa sababu klorini hushambulia yale madini mengine yaliyomo. Ukiweka, usiichanganye na vito vingine, itakwaruzika.

Na usiisugue kwa dawa ya meno, wala usikimbilie kuipolishi kila mwezi. Kila ukipolishi unaondoa dhahabu kidogo. Kona zinalainika, na chapa yenyewe inaanza kufutika.

Jambo hili lilinigusa. Kuna vijana wanaosugua dhamiri zao kila siku hadi hawaoni tena chapa. Mungu ashukuriwe, alama ya Ubatizo haifutiki kamwe. Lakini sisi tunaweza kufika mahali hatuwezi tena kuisoma. Kitubio ni maji na sabuni: taja dhambi, pokea maondoleo, fanya malipizi, nenda. Kujishutumu usiku kucha kwa makosa usiyoweza hata kuyataja ni msasa.

Nilimwambia ndugu yetu haya, kwa maneno machache zaidi, nikamshauri aende akaongee na padre katika kanisa la Mtakatifu Yosefu, pale Minara Miwili. Uamuzi ni wake na muungamishi wake.

Maswali ya kutafakari

1. Katika maisha yangu, ni nini shaba, na ni nini risasi? Je, nimewahi kuvibadilishana majina?
2. Watu wanasoma chapa gani kwangu, na je, ni ya kweli?
3. Mara ya mwisho niliosha lini, badala ya kusugua?

Tuombe

Ee Bwana Yesu, uliyefanya kazi kwa mikono yako Nazareti, utufundishe kuishi kati ya watu bila kuogopa na bila kudanganya. Utuondolee kinachotuvunja, utuachie kinachotuimarisha, nasi tufae mkononi mwako. Amina.