Mlakasa wa Pwani Mbili

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii huchukuliwa kwa kawaida kuwa onyo kwa mgeni mvivu. Hata hivyo, yaweza kusomwa kwa namna nyingine: kwamba ipo siku ambapo mgeni huacha kuwa mgeni, na alama ya siku hiyo ni jembe mkononi mwake. Kwa Mswahili aliyehamia Guangzhou, mji wa biashara kwenye delta ya Mto wa Lulu, usomaji huu huzua swali. Akilishika jembe, apande nini ili mahali pale pawe pake bila ya kuikana pwani aliyotoka?

Mlakasa unalifanya swali hilo kuwa gumu zaidi. Ni mmea utambaao mchangani, juu kidogo ya mahali maji makuu yanapokoma, na maua yake ya zambarau iliyoelemea waridi hufunguka asubuhi na kunyauka kabla siku haijaisha. Linnaeus alipouorodhesha kwa Kilatini mwaka 1753, aliona katika jani lake mguu wa mbuzi. Wachina waliona tandiko la farasi, wakauita ma'anteng. Jina la Waswahili lina kasa ndani yake, yule jirani wa mmea huo apandaye mchangani usiku kutaga mayai.

Majina ni matatu, mmea ni mmoja. Mlakasa ni mwenyeji wa fukwe za jimbo la Guangdong kama ulivyo mwenyeji wa fukwe za Unguja. Haukuhitaji jahazi wala mfanyabiashara wa kuuvusha, kwa kuwa mbegu zake huelea katika maji ya chumvi na kubaki hai.

Basi mtu wa Unguja atakaye mlakasa kwenye roshani yake mjini Guangzhou ana njia mbili. Ya kwanza ni kuficha mbegu za kwao mkobani. Sheria za China zinamkataza msafiri kuingia na mbegu bila kibali, na kwa sababu ya haki: mbegu yaweza kubeba wadudu na maradhi. Njia ya pili ni kuupata mmea uleule huko huko. Akili inachagua ya pili, lakini moyo unaitaka ya kwanza. Kwa nini, ikiwa mmea ni mmoja? Huenda kinachotakiwa si mlakasa bali ushahidi kwamba mtu alitoka mahali. Haja hiyo si aibu. Ila mmea hauwezi kuwa ushahidi kwa muda mrefu. Mbegu ya Unguja ikichipua Guangzhou, itakunywa mvua ya Guangzhou na kuvumilia baridi ya Januari ya huko, na kabla ya mwaka kwisha itakuwa imeshakuwa ya huko.

Hapa pana pingamizi la haki. Mlakasa hauulizwi pasipoti. Mgeni asiyelala hotelini nchini China anatakiwa kujiandikisha polisi ndani ya saa 24, na wafanyabiashara wa Kiafrika wanaojulikana sana katika mtaa wa Xiaobei wanaishi kwa tarehe zilizoandikwa kwenye viza zao. Kumwambia mtu kama huyo ajifunze kwa mmea kuota mizizi ni kumdhihaki. Wapo wageni wasiopewa jembe hata siku ya mia.

Lakini methali yenyewe imeliona jambo hilo. Neno lake zito ni "mpe", na amri hiyo haimwelekei mgeni bali mwenyeji. Mgeni anadaiwa kazi. Mwenyeji, kabla yake, anadaiwa jembe.

Kuulea mlakasa kunaonyesha pia namna ya kukaribisha. Ukipandwa kwenye udongo uliojaa samadi na kumwagiwa maji kila siku, utatoa majani tele na maua haba. Unataka mchanga, jua kali na maji kidogo. Ukarimu usiomjua mgeni humdhuru. Wala haifai kuung'oa ufukweni, maana mizizi yake ndiyo ishikayo mchanga usichukuliwe na upepo. Kipande kifupi cha shina chatosha, kwa kuwa huota mizizi kwenye vifundo. Ujuzi huo upo mjini humo humo. Wanasayansi wa Bustani ya Mimea ya Kusini mwa China, iliyoanzishwa mwaka 1929, wameuchunguza mmea huu kwa ajili ya kurudisha uoto kwenye visiwa vya matumbawe.

Anayekwenda kuuliza huko atakuwa ameanza kufanya alichokitaka. Hatauliza mmea huu ni wa nani. Atauliza unataka mchanga wa namna gani, nao watamwambia jina wanalouita, na yeye atawaambia la kwao.